Kwa nini nyumba za zege hulia usiku wa Julai

Julai, saa tano za usiku, Lubumbashi. Hewa ni kavu, anga limejaa nyota, watu wamejifunika blanketi mbili. Ghafla juu ya dari, pwaa! Kama mtu amevunja ubao mkavu kwa goti. Mbwa wa jirani anabweka mara mbili, kisha kimya kinarudi.

Jirani yangu anaujua mlio huo. Ana jengo la urefu wa mita 32: maduka sita chini, yeye na watoto juu, na paa la zege lililopakwa lami nyeusi ili lisivuje. Kila mwaka, katika chumba cha mwisho upande wa magharibi, hutokea ufa uleule. Unaanzia kwenye kona ya dirisha, unapanda kingazingazi ukifuata simenti iliyo kati ya matofali, na ukifika chini ya paa unalala na kutambaa sambamba nalo. Kila mwaka anauziba kwa simenti, anapaka rangi, na kila mwaka unarudi.

"Papa, hii nyumba iko inalia na busiku," aliniambia siku aliyoniita. "Ule fundi aliniiba simenti?"

Nilipanda, nikauangalia, nikapitisha kucha juu yake. Fundi hakumwibia simenti. Zege lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoyaona. Kosa lake lilikuwa kujenga mita 32 kwa mkupuo mmoja, zege limeshikana mwanzo hadi mwisho, kana kwamba jengo ni kitu kinachokaa kimya. Jengo halikai kimya.

Zege likipata joto hutanuka, likipoa husinyaa. Kiasi chenyewe ni kidogo mno: kwa kila digrii moja, urefu hubadilika kwa takriban sehemu 10 katika milioni moja. Namba kama hiyo haikai kichwani, kwa hiyo mimi huigeuza hivi: mita kumi, digrii kumi, milimita moja. Zege lenye urefu wa mita 10, joto lake likipanda digrii 10, hurefuka kwa milimita 1. Kokoto nazo zina neno lao, kwa sababu zege la kokoto za mawe ya chokaa hutanuka pungufu ya hapo, na la kokoto za kwarizi hutanuka zaidi kidogo. Lakini kwa kupima nyumba kwa jicho, kanuni hiyo inatosha.

Sasa iweke juu ya jengo la jirani yangu. Mita 32, na tuseme bamba la paa linapanda na kushuka digrii 30 kati ya siku kali ya Oktoba na alfajiri ya Julai. Jibu ni milimita 9 na nusu hivi, karibu sentimita nzima. Na halitanuki kuelekea upande mmoja. Katikati hapasogei, ila ncha mbili ndizo zinazosafiri, kila moja karibu milimita 5. Ndiyo maana duka la tatu na la nne hayana hata mstari ukutani, na chumba cha mwisho kimechanika.

Mtu atauliza digrii 30 zinatoka wapi katika mji usiojua theluji. Zinatoka mahali tulipo. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, na katika kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, usiku hushuka mara nyingi chini ya digrii 10. Mchana wa siku hiyohiyo unafika 25. Ukingoja hadi Oktoba, kabla mvua hazijakaza, mchana unapita 30. Hiyo ni hewa tu, ile tunayoipumua. Zege la juu lina hali ya hewa yake. Paa lililopakwa lami nyeusi, jua la saa nane likiwa juu yake, linaweza kupita digrii 60. Jaribu kulikanyaga bila viatu. Usiku anga likiwa wazi bila wingu, paa hilohilo linatupa joto lake juu angani mpaka linapoa kuliko hewa inayolizunguka. Ngozi ya juu ya paa hupitia digrii 40 au 50 bila shida. Ndani ya unene wa zege mabadiliko ni madogo zaidi, kwa sababu joto huingia polepole. Hizo 30 nilizochukua ni za mtu mwenye huruma.

Waliojenga reli walilijua jambo hili zamani. Njia ya reli ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanza ukiitwa Élisabethville, na yeyote aliyepanda treni ya njia za aina hiyo anaukumbuka wimbo wake: ta-tak, ta-tak, ta-tak. Ni gurudumu linavuka mwanya ulioachwa kati ya chuma na chuma. Chuma cha reli cha mita 12 kikibadilika digrii 30 hurefuka kwa milimita 4 na kitu. Bila mwanya, reli hupinda kama nyoka mchana wa jua kali. Hakuna aliyewahi kumshtaki fundi wa reli kwa kuacha matundu, lakini ukimwachia mwenye nyumba mwanya wa sentimita mbili ukutani anataka kukata malipo.

Kwenye nyumba hatari haimo katika kutanuka kwenyewe. Kitu kilicho huru kinatanuka na kusinyaa miaka mia bila kuumia. Taabu huanza pale kinapotaka kusogea na kuna kinachokizuia. Zege lililoshikwa ncha zote mbili, likapoa digrii 10 bila ruhusa ya kusinyaa, huvutwa ndani kwa ndani kwa nguvu ya takriban megapaskali 3, kipimo cha nguvu kwa kila eneo. Na zege lina tabia ya ajabu. Ukiligandamiza, lile la kawaida la nyumba hubeba megapaskali 25. Ukilivuta, linakatika kwenye 2 au 3. Kwa hiyo digrii 10 zikiteremka ghafla zinatosha kulifikisha ukingoni. Kinacholiokoa mara nyingi ni kwamba zege nalo hujilegeza polepole likivutwa muda mrefu, na kwamba hakuna nyumba inayoshikwa kikamilifu. Nguzo hupinda kidogo, ukuta huachia kidogo.

Huko kuachia ndiko kulikomchosha jirani yangu. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma, na tofali la udongo hutanuka karibu nusu tu ya zege. Zaidi ya hapo, ukuta uko kivulini na paa liko juani. Mchana wa Oktoba bamba la paa linasukuma kwenda nje na ukuta wa mwisho haulifuati. Kinachokatika ni simenti iliyo kati ya matofali, kwa sababu ndiyo dhaifu kuliko vyote. Julai bamba linavuta kurudi ndani. Usiku wa baridi, uzito wa paa na ukwaruzo wa ukuta unalishika, linanyimwa kusogea, nguvu inajikusanya saa baada ya saa, mpaka linateleza kwa mpigo mmoja. Pwaa. Malata, yaani mabati ya paa, nayo hufanya vivyo hivyo jua likichwa, ila yenyewe ni mepesi, yanaishia kugonga kama punje za mahindi kwenye kikaango, wala hakuna anayeyaogopa.

Niseme neno moja juu ya bahati yetu kubwa, maana bila hiyo makala hii isingekuwepo. Nondo zilizo ndani ya zege, ferabeto kama tunavyoziita, hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa digrii. Karibu sawa na zege. Thaddeus Hyatt, Mmarekani aliyetoa matokeo ya majaribio yake mwaka 1877, ni mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha kwamba chuma na zege hukubaliana katika joto. Fikiria tungekuwa tunaimarisha zege kwa shaba, maana yake katika nchi hii tunayo: shaba hutanuka kwa 17, alumini kwa 23. Jua la Oktoba lingeipasua kila boriti mjini kutoka ndani.

Dawa ya urefu ni kuukata. Kwenye ramani za wahandisi wetu, ambazo ni za Kifaransa, utaona mstari mwembamba umeandikwa "joint de dilatation". Ni mwanya wa kutanukia. Jengo moja refu linageuzwa kuwa majengo mawili yaliyosimama bega kwa bega: nguzo mbili badala ya moja, boriti mbili, bamba mbili, na katikati nafasi ya sentimita 2 hadi 4. Kila kipande kinasogea peke yake. Misingi kwa kawaida haikatwi, kwa sababu ardhini joto halibadiliki sana. Nguzo mbili zinaweza kukaa juu ya msingi mmoja.

Mwanya uwe kila baada ya mita ngapi? Wahandisi wetu wengi wamefundishwa kwa kanuni za Kifaransa, na kanuni hizo zina majibu manne ndani ya nchi moja. Karibu na bahari ya Mediterania, kwenye ukavu na tofauti kubwa za joto, mita 25. Mashariki mwa Ufaransa na milimani, 30 hadi 35. Paris na kaskazini, 40. Magharibi kwenye unyevunyevu na hewa tulivu, 50. Kanuni za Ulaya za baadaye hupendekeza mita 30 kwa zege linalomwagwa papohapo, na zinasema jengo likifuata hapo hakuna haja ya kupiga hesabu ya joto. Nimeona ramani za hapa zilizochukua ile 50 kwa sababu tu ndiyo namba kubwa kuliko zote. Mji wenye miezi kadhaa bila tone la mvua na alfajiri za Julai unafanana na upande gani wa Ufaransa? Mimi nachukua 25, na kwa paa jeusi lisilo na kivuli sioni haya kushuka chini ya hapo.

Kuchora mwanya ni rahisi. Kuufanya uwe mwanya kweli ndiko shughuli ilipo, na hapa ndipo nimeona fedha nyingi zikipotea.

Wakati wa kumwaga zege la pili, kitu fulani lazima kisimame katikati kama ukuta wa muda. Mafundi wetu hupenda frigoliti, lile povu jeupe jepesi, na ni chaguo zuri kwa sababu inabonyea. Wengine huweka mbao za kofraji, zile za kushikilia zege bichi, zege linakauka, mbao haziwezi kutoka, zinabaki humo. Mvua ikija, mbao zinavimba. Umeacha nafasi kisha umeijaza kabari. Nimeona pia mwanya uliojaa simenti iliyovuja kupitia tundu la frigoliti, donge moja tu ukubwa wa ngumi. Donge hilo linatosha. Nguvu yote ya kipande cha mita 25 inakwenda kulisukuma lenyewe, na zege linabanduka pembeni yake.

Kokoto na mchanga hufanya hila mbaya zaidi. Julai mwanya unapanuka, vijiwe vinadondoka ndani. Oktoba unataka kufunga, vijiwe vinakataa, jengo linasukumwa nje. Julai inayofuata mwanya ni mpana zaidi, vinaingia vingine. Ni kama tairi lililowekewa jiwe nyuma kila linapopanda hatua moja: linaweza kwenda upande mmoja tu.

Halafu anakuja fundi wa lipu. Yeye hakuiona ramani. Anaona mpasuko mrefu ulionyooka kutoka chini hadi juu, anahurumia nyumba ya watu, anaupaka simenti safi kabisa na kupitisha rangi. Wiki sita baadaye lipu imepasuka kwa mstari mbaya uliopinda, mwenye nyumba analalamika, na fundi anarudi kuziba kwa simenti ngumu zaidi. Wa vigae naye anapitisha vigae vyake juu ya mwanya wa sakafu. Vinainuka katikati kama paa la hema siku moja ya joto. Na wa lami anaunganisha paa lote kwa utandazo mmoja uliokazwa, unachanika, maji yanaingia. Mwanya ukianza kwenye zege lazima upite hadi nje: kwenye lipu, kwenye vigae, kwenye ule ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa ambao kila mtu huusahau. Huo ukuta mfupi hupigwa jua pande mbili na hauna anayeukinga, ndio unaopasuka kwanza.

Zege pia husinyaa bila baridi. Maji yake yakikauka, katika miaka ya mwanzo, mita moja hupungua kama milimita 0.3 hadi 0.5, sawa na kupoa digrii 30 hadi 50. Tofauti ni kwamba ukavu huo huja mara moja tu, tena polepole, lakini jua na baridi hurudi kila mwaka. Ufa wa ukavu ukishatulia unaweza kuuziba kwa simenti na kuusahau.

Kwa nini basi sikumwambia jirani yangu papo hapo kwamba ni joto tu? Kwa sababu si kila ufa ni wa joto, na kosa hilo linaweza kuua. Kandokando ya Lubumbashi kuna vichuguu vikubwa kama nyumba. Udongo wake ndio tunaochomea matofali, kwa kuwa una mfinyanzi mzuri. Anayesawazisha kichuguu na kujenga nusu ya nyumba juu yake na nusu juu ya udongo wa kawaida ameiweka nyumba kwenye vitanda viwili. Nusu moja itashuka kuliko nyingine, na ufa wake hautajua Julai wala Oktoba. Bukavu, kwenye miteremko inayosogea, ndugu zetu wanazo nyufa za aina hiyo mtaa kwa mtaa. Goma hewa haibadiliki sana mwaka mzima, na huko mtu akiona ufa mpya anaanza kuifikiria ardhi, na ana haki: baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, nyufa zilifunguka ardhini katikati ya mji. Majengo ya hatari za namna hiyo hukatwa pia, ila kwao mwanya hushuka hadi kwenye msingi wenyewe, kila kipande kiwe huru kuzama peke yake. Mwanya wa joto hauwezi kufanya kazi ya mwanya wa kuzama.

Kuzitenganisha hakuhitaji mashine. Nilimpa jirani yangu penseli na rula. Weka alama mahali ufa unapoishia, andika tarehe. Pima upana wake sehemu ileile saa kumi na mbili asubuhi, kisha saa tisa alasiri, siku tano mfululizo. Pakaza kidonge cha jasi juu ya ufa na uandike tarehe juu yake. Kikikatika utajua ni lini. Ufa wa joto hupumua: unafunguka, unafunga, kila siku kidogo na kila majira zaidi. Usitegemee kwamba lazima ufunguke kwenye baridi. Nyufa za chini ya paa mara nyingi hufunguka alasiri, wakati bamba linaposukuma, na kufunga alfajiri. Kinachotafutwa ni ule mwenendo wa kwenda na kurudi. Ufa unaokwenda bila kurudi, hasa ukiwa mpana chini au mlango umeanza kukwama, uite mhandisi wa udongo kabla ya kuita fundi wa rangi.

Ufa wake ulipumua. Alfajiri milimita 0.4, alasiri milimita 1 kasoro kidogo, siku zote tano, na alama za penseli hazikupitwa.

Kukata jengo la mita 32 lililokwisha jengwa, kwa nguzo mpya na boriti mpya, ni gharama ya kujenga upya. Kuna njia ya bei ndogo zaidi, nayo ni kulipunguzia paa safari. Ile lami nyeusi ipakwe nyeupe; hilo peke yake hushusha joto la juu ya paa kwa digrii nyingi. Bora zaidi, fremu nyepesi na malata juu ya zege, hewa ikipita katikati, ili bamba liishi kivulini mwaka mzima. Yeye alichagua malata, kwa kuwa pia alitaka pa kuanikia nguo wakati wa mvua.

Ule ufa wenyewe hatuuzibi tena kwa simenti. Unakatwa kwa msumeno wa mawe kuwa mfereji ulionyooka wa upana wa sentimita moja, na mfereji unaendelea kwa mlalo chini ya bamba, lipu ya ukuta ikitenganishwa kabisa na ya dari. Unasafishwa vumbi, unawekewa kamba ya sponji, kisha mastiki, gundi ya kuzibia inayonyumbuka. Alitaka tuifanye wiki ileile, kabla wageni wa harusi hawajafika. Nikamwomba angoje. Mastiki ikitiwa wakati ufa umefunguka hadi mwisho, siku ufa unapofunga itakamuliwa nje kama dawa ya meno. Ikitiwa wakati umefunga kabisa, itachanika ukifunguka. Inatakiwa siku za katikati, ufa ukiwa na upana wa wastani: asubuhi za mwezi wa nne mvua zikikatika, au Agosti inapokaribia kuisha. Wageni waliukuta ukuta na alama zake za penseli na tarehe, na mjomba mmoja aliuliza kama mtoto anajifunza hesabu ukutani.